Thelathini Juni, Siku ya Kurudi Kabambare

Mvua za kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, hupungua mwezi wa tano. Ifikapo katikati ya Juni, udongo wa barabara ya Kasongo kwenda Kabambare umekauka kiasi cha pikipiki kupita bila abiria kushuka kusukuma, na hapo ndipo simu zinapoanza kulia. Aliye Kindu anamwuliza aliye Kasongo kama daraja lililokatika masika limetiwa magogo mapya. Aliye Lubumbashi anauliza habari za treni ya kumshusha Samba. Aliye Kigoma anataka kujua kama njia ya Fizi inapitika, maana habari za wiki jana haziaminiki wiki hii. Suala la kuja au kutokuja nyumbani kwa sikukuu ya uhuru limeshapita. Linalojadiliwa ni njia.

Tarehe yenyewe ilipangwa mbali sana na matope yetu. Januari 1960 wajumbe wa Kongo waliketi na Wabelgiji mjini Brussels, kwenye mkutano ulioitwa Meza ya Duara, na tarehe 27 ya mwezi ule wakaafikiana kwamba nchi itakuwa huru 30 Juni. Joseph Kabasele, aliyejulikana zaidi kama Grand Kallé, alikuwa huko huko na bendi yake ya African Jazz, na wimbo walioutunga siku zile, Indépendance Cha Cha, bado unapigwa kila redio inapoikaribia sikukuu hii. Sidhani kama kuna aliyefikiria kalenda ya mkulima wa Kabambare katika ukumbi ule. Lakini lau wangemwuliza, asingechagua tarehe nyingine. Kiangazi kimeshika, mpunga uko ghalani tangu zamani, karanga zimeng'olewa, na shule ziko mbioni kufungwa.

Linganisha na sikukuu nyingine za taifa. Nne Januari ni ya mashahidi wa uhuru, waliouawa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1959. Kumi na sita Januari ni ya Laurent-Désiré Kabila, na kesho yake ni ya Patrice Lumumba. Zote zinaangukia katikati ya mvua, wakati lori linaweza kulala matopeni siku kadhaa na mito haina adabu. Watu huzisikiliza redioni kila mmoja pale alipo. Hata 17 Mei, siku majeshi ya Kabila yalipoingia Kinshasa mwaka 1997, hufika njia ikiwa bado mbichi. Ndiyo maana nasema kwetu 30 Juni imepewa heshima yake na jua kuliko na serikali. Ni sikukuu ya taifa inayomfikisha mtu kwao.

Kufika huko ni kazi, na haikuwa hivyo siku zote. Karne ya 19 Kabambare ilikuwa kituo kwenye njia kuu. Misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji ilipumzika hapa kabla ya kuendelea Kasongo na Nyangwe. David Livingstone aliingia Septemba 1869, akaandika jina la mji "Bambarre", kisha akakwama miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Stanley alipita mwaka 1876 akielekea kukutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule mfanyabiashara Tippu Tip. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliofungwa minyororo vilevile, hilo tusilifunike kwa sababu ya sikukuu. Wajukuu wa wale waliochukuliwa, na wa wale waliojiunga na misafara kwa hiari yao, ndio Wamanyema wa Ujiji, Tabora na Kariakoo. Baadhi yao husema "kwetu Kongo" bila kuwahi kuuona mto Lualaba.

Jeshi la Mfalme Leopold lilipopigana na Waarabu na wafuasi wao Waungwana, Kasongo ilianguka 22 Aprili 1893, na Kabambare ikafuata Januari 1894. Bado mji ungeweza kuishi kwa njia yake. Kilichouweka pembeni ni reli. Mwaka 1911 treni iliunganisha Kindu na Kongolo, na mwaka 1915 nyingine ikatoka Kabalo hadi ziwani, mji unaoitwa leo Kalemie. Mzigo wote wa Tanganyika ukageukia kusini, na kituo kilichokuwa kati kwa kati kikawa mwisho wa safari. Zaidi ya miaka mia baadaye, mtu wa Kabambare akipakia mawese kwenye baisikeli na kuyasukuma kwa miguu hadi soko la Kasongo, anaulipia uamuzi ule wa reli.

Wiki ya mwisho ya Juni ni ya salongo. Neno la enzi ya Mobutu, lakini kazi imebaki: kila mtaa hufyeka majani ya mbele yake, wanaume huziba mashimo, wanafunzi hufagia uwanja wa defile, yaani gwaride. Jukwaa la wakubwa husimamishwa kwa miti na kuezekwa makuti ya mchikichi ili Bwana Administrata wa teritware, yaani mkuu wa wilaya, na wageni wake wasipigwe na jua. Wengine sote jua ni haki yetu.

Fundi cherehani wa barazani hana nafasi siku hizo kwa bendera anazoshona. Bendera ya sasa ilianza Februari 2006: buluu ya mbingu, nyota ya njano pembeni juu, na mshipi mwekundu wa mshazari wenye kingo za njano. Mshipi ndio unaomtoa jasho, kwa sababu ukikatwa nyuzi mbili kando, bendera nzima huonekana imelala. Watoto wa shule wao hupaka rangi kwenye karatasi na kuzigandisha kwenye vijiti, na nyota zao zina pembe tano, sita, hata nane.

Nyumbani, vita ni vya shati jeupe. Wanafunzi wote wa Kongo huvaa buluu na nyeupe, na siku ya defile nyeupe lazima iwe nyeupe kweli. Shati limefuliwa, limeanikwa juu ya nyasi, limepigwa pasi ya makaa, sasa linaning'inia msumarini tangu jana yake na wadogo wamekatazwa kulisogelea. Viatu ndiyo hadithi nyingine. Si kila mtoto anavyo, kwa hiyo mwalimu mwenye akili huwapanga wenye viatu upande unaotazama jukwaa, na wenye ndala upande wa pili, halafu huomba Mungu mstari usigeuke. Nimeona mstari ukigeuka. Watu walicheka, watoto wakacheka nao, na hatua ya kijeshi ikaharibika kabisa.

Defile hufuata utaratibu unaojulikana. Wimbo wa taifa kwanza. Debout Congolais ilitungwa mwaka 1960, maneno ya Joseph Lutumba na muziki wa padri Simon-Pierre Boka, ikawekwa kando Mobutu alipoibadilisha nchi kuwa Zaire, kisha ikarudi mwaka 1997. Kwa hiyo kuna rika zima, waliosoma enzi ya Zaire, ambao walijifunza La Zaïroise, wimbo wa taifa wa wakati ule, shuleni na mpaka sasa huanza ubeti wa wimbo wa taifa kwa nusu sekunde ya kusita. Baada ya wimbo hupita askari na polisi, shule moja moja, walimu, wauguzi, mama wa sokoni na vikwembe vyao vya sare, wamotari na pikipiki zao wakipiga honi zaidi ya walivyoruhusiwa. Kisha hotuba. Hotuba nyingi husomwa kwa Kifaransa, kisha hufupishwa kwa Kiswahili, na ufupisho ndio unaosikilizwa. Hotuba kuu ya Rais huwa imeshasikika redioni usiku wa kuamkia sikukuu. Barabara hutajwa pia, kila mwaka, na kila mwaka hutajwa kama jambo litakalokuja.

Shangazi wa baba yangu haendi tena uwanjani, magoti. Hukaa kivulini na kupokea salamu za wanaorudi.

"Jambo, shangazi."

"Jambo sana, mwanangu. Wewe ndiye wa nani?"

Unajitaja, unataja baba, unataja tumbo la mama, mpaka uso wake unafunguka. Ameishi chini ya bendera nyingi kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua. Ile ya Wabelgiji, buluu yenye nyota moja ya dhahabu. Ya mwaka 1960, buluu hiyo hiyo na nyota sita ndogo zikijipanga pembeni. Ya miaka ya sitini yenye mshipi mwekundu. Ya kijani ya Zaire tangu Novemba 1971, yenye mkono ulioshika mwenge. Mwaka 1997 ikarudi ya nyota sita, na mwaka 2006 ikaja hii. Kitukuu mmoja alipomwonyesha bendera yake ya karatasi, aliitazama sana, akauliza kama hii ndiyo ya mwisho au bado wanachagua.

Kwake kuna miaka iliyokuwa na 30 Juni na miaka isiyokuwa nayo. Mwaka 1960 ulikuwa nayo: Maniema ilikuwa ngome ya chama cha Lumumba, mtu aliyezaliwa Onalua huko Sankuru, miongoni mwa Watetela, ambao Wakusu wa Kasongo ni ndugu zao, na aliyewahi kufanya kazi huku huku Maniema kabla ya kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo. Watu walimhesabu kama mtoto wa jirani. Mwaka 1964 haukuwa nayo. Waasi wa Simba, upande huu wakiongozwa na Gaston Soumialot, waliteka Kabambare, Kasongo na Kindu, na familia zilihamia mashambani na porini, sufuria kichwani. Mwaka uliofuata, sikukuu ya tano ya uhuru ilikuta waasi bado wameshika milima ya Fizi, na Che Guevara na Wakuba wake wakiwa nao. Siku moja kabla, 29 Juni 1965, walishambulia kambi ya mahali paitwapo Bendera wakashindwa.

Kisha Mobutu. Wakati wake uwanja ulijaa, lakini shangwe kubwa zilikuwa za 20 Mei, kuzaliwa kwa chama chake, na 24 Novemba, siku aliyotwaa madaraka. Watu walicheza ile animasio, mistari kwa mistari, wakimsifu. Sikukuu zile mbili zilikufa pamoja na utawala wake, na nadhani sababu ni rahisi: hakuna familia iliyozihitaji. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, Maniema ikiwa chini ya waasi wa RCD na Kinshasa ikisikika redioni kama nchi ya pili, bado ilipofika 30 Juni mtu mwenye kuku alichinja kuku, kimyakimya, nyuma ya nyumba. Na mwaka 2020, uhuru ulipotimiza miaka 60, Rais Tshisekedi alifuta gwaride kwa sababu ya korona na kuomba watu watafakari majumbani. Kwetu tulitafakari juu ya pilau.

Nimefika kwenye chakula, na hapa sina haraka. Mchele uliingia Maniema na watu wa misafara katika karne ya 19, ukaipenda ardhi, na Wabelgiji wakaufanya zao la lazima kwa wakulima. Bugali wa muhogo ndio chakula cha kila siku; mchele ni heshima. Mpunga wa sikukuu hutwangwa jana yake, kinu kimoja wanawake wawili, michi ikipishana, halafu huja kupeta, kazi ambayo mama mkwe hutumia kumpima mkamwana bila kusema neno. Alfajiri ya tarehe 30 meko matatu yanawaka uani. Sufuria ya kwanza ni mchele. Ya pili ni sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa laini na kuchemshwa muda mrefu mpaka mawese yapande juu na kutengeneza duara jekundu pembeni. Ya tatu ni nyama.

Nyama ina sheria yake. Familia za Kasongo na Kabambare zimechanganyika: kaka Mwislamu, dada Mkatoliki, mjomba Mprotestanti. Kasongo ni kitovu cha kale cha Uislamu wa Kongo, na ni jimbo la Kanisa Katoliki vilevile. Kwa hiyo mbuzi huchinjwa na Mwislamu, hata kama aliyemnunua ni katekista, na kila mtu anakula. Sijawahi kusikia jambo hili likijadiliwa. Mwenye kisu anaitwa, anapiga bismillahi, anapewa shingo yake, mambo yanaendelea.

Anayemnunua mbuzi siku hizi mara nyingi ni kijana wa dhahabu. Huko Salamabila, ndani ya teritware hii hii, mgodi wa Namoya ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ukasimama mwaka 2019 baada ya mashambulizi na utekaji wa watu kuzidi. Vijana wanachimba kwa mikono pembezoni. Wanarudi 30 Juni na simu kubwa, viatu vipya na pesa ambazo hazikai. Wazee huwapokea kwa furaha na wasiwasi kwa pamoja, kwa sababu njia ya Salamabila ina watu wenye silaha, na pesa ya kijana ndiyo inayojulikana zaidi njiani.

Kuna ambao hawaji. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, nyumba nyingi za Maniema zilikatwa katikati: watoto wakiwa chuoni kule, wazazi huku, benki zikiwa zimefungwa. Wengine waliondoka zamani zaidi, wakavuka ziwa mwaka 1996 na kuishia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na watoto wao sasa wanaongea Kiswahili cha Tanzania na kuuliza Kabambare ikoje. Kwao 30 Juni ni simu. Simu hupigwa mchana, kelele zikiwa nyingi, na huzungushwa mkono kwa mkono, kila mmoja akipiga salamu sekunde chache mpaka salio linakwisha wakati wa zamu ya mtu aliyeingoja zaidi.

Kazi halisi ya sikukuu hufanyika kesho yake. Tarehe mosi Julai ukoo huketi. Huu mkutano hauna bendera, na ungeniuliza nichague kati yake na defile ningechagua huu. Mzee hufungua daftari. Nani alichangia mabati ya nyumba ya bibi, nani aliahidi tu. Shamba la bondeni karibu na mto Luama linalogombaniwa na watoto wa mama wawili. Mahari ya binti aliyechumbiwa Kindu. Na karo, daima karo: shule za msingi za serikali zilitangazwa bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari inalipwa, na siku moja au mbili baadaye shule zitatangaza matokeo, kila mtoto akiitwa jina mbele ya watu. Ndiyo maana mkutano hufanywa kabla. Ukishajua mtoto wa dada yako ameshika nafasi ya pili, kukataa kuchangia karo yake kunakuwa kugumu, na wazee wanaojua hesabu hii huchelewesha kipengele cha karo hadi matokeo yatoke. Nimewaona wakifanya hivyo waziwazi, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Wengi hawaondoki mara moja. Julai yote ni ya harusi na kumaliza matanga, kwa kuwa watu wapo. Halafu inakuja 1 Agosti, Siku ya Wazazi, sikukuu nyingine ya serikali iliyoanza enzi ya Mobutu na ambayo, tofauti na zile zake za chama, imedumu. Asubuhi ni ya waliokufa. Watu huingia makaburini na majembe na mapanga, wanafyeka, wanapandisha udongo ulioliwa na mvua, Waislamu wanasoma dua, Wakristo wanasali na kupaka msalaba chokaa. Mchana ni wa walio hai: mzazi huvalishwa kikwembe kipya, hupewa kuku. Wasiokuwapo hutuma pesa kwa simu ili kijana wa jirani alime kaburi la baba yao, na bei ya kazi hiyo imepanda.

Baada ya hapo kila mtu huhesabu siku. Shule hufunguliwa Septemba, na mvua za kwanza haziko mbali. Wenye malori wanalijua hilo kuliko sisi, na nauli ya kwenda Kasongo hupanda kila wiki ya Agosti inapopita. Shangazi huwaambia wajukuu waondoke mapema, kisha huficha viatu vya mmoja wao.